Mwenzetu ameacha dawa kwa imani. Na sisi tumfuate?

*"Bwana Yesu asifiwe, daktari. Nina miaka 34, na huu ni mwaka wa saba naishi na ugonjwa wa bipola. Natumia lithiamu, na tangu nilipoizoea sijalazwa tena. Mwaka jana mimi na waamini wenzangu watano, kila mmoja na ugonjwa wake wa akili, tulianza kukutana kila wiki kusoma Neno, kuombeana na kuzungumza. Kwa mara ya kwanza nilipata watu ambao sihitaji kuwaeleza kila kitu kuanzia mwanzo. Miezi miwili iliyopita alijiunga kaka mmoja mwenye bipola kama mimi. Alitoa ushuhuda kwamba ameacha dawa kwa imani, sasa ni mwezi wa tatu na yuko mzima. Tangu siku hiyo wenzetu wawili nao wameacha. Sasa umepangwa mfungo wa siku tatu, bila chakula wala maji, na mkesha kila usiku, ili sote tufunguliwe. Nampenda Mungu, lakini naogopa. Nikimeza kidonge najiona kama Tomaso. Je, kutumia dawa ni upungufu wa imani? Na kikundi chetu bado ni salama, au nijitoe?"*

Amina, dada yangu. Nianze na la haraka, maana huenda siku za mfungo ziko karibu: usiingie kwenye mfungo wa kutokunywa maji huku ukitumia lithiamu, usikeshe usiku tatu mfululizo, na usiache dawa yako. Nasema hivyo kama daktari wa magonjwa ya akili, na kama mwamini ambaye naye hufunga na kuomba. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na una haki ya kuelewa, si kukatazwa tu.

Katika maneno yako nasikia hofu mbili zilizosukana. Ya kwanza ni kwamba kidonge unachomeza kila jioni ni ushahidi mbele za Mungu kuwa humwamini. Ya pili ni kwamba ukilisema hilo kwa sauti, utawapoteza watu pekee waliowahi kukuelewa. Ya kwanza ndiyo uliyoiuliza waziwazi, lakini nadhani ya pili ndiyo inayokukosesha usingizi.

Kuhusu kidonge na imani, nenda ukasome habari ya mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Hezekia yuko karibu kufa. Analia, anaomba, na Mungu anamjibu kwa kinywa cha Isaya: nitakuponya, nitakuongezea miaka 15. Ahadi imeshatolewa, tena na Mungu mwenyewe. Na bado, kabla mstari haujapoa, Isaya anaagiza litwaliwe andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Wanaliweka, na mfalme anapona. Hakuna mahali Hezekia anapoambiwa kwamba zile tini zimeharibu ahadi, wala Isaya haoni aibu kuagiza tiba aliyokuwa nayo mkononi baada ya kutoa unabii. Kwake maombi na tini vilikuwa vya siku moja na vya Mungu mmoja. Nimeichagua habari hii kuliko nyingine kwa sababu wanaopinga dawa husema tiba ni ya yule ambaye hajapata neno la uponyaji. Hezekia alikuwa amelipata.

Na huyo Tomaso unayejifananisha naye, mtazame vizuri. Kwa siku nane alikuwa haamini walichomwambia wenzake, na bado walikuwa naye chumba kimoja. Hawakumfukuza. Bwana alipokuja alimkuta palepale, katikati yao. Hata ungekuwa Tomaso kweli, na mimi sidhani, mahali pako pangekuwa palepale kwenye kikundi.

Sasa tuje kwa yule kaka. Sitaki umwone kama mwongo au adui. Huenda kila neno alilosema ni kweli: ameacha dawa, miezi mitatu imepita, na anajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia kwa miaka. Ninachopinga ni hitimisho linalotolewa hapo.

Bipola ni ugonjwa unaokuja kwa vipindi. Mtu hupanda, akawa na nguvu nyingi, mawazo yanayokimbia na kujiamini kupita kiasi, kisha akashuka kwenye sonona nzito. Katikati huweza kuwapo miezi au hata miaka ya utulivu ambapo mtu ni mzima kabisa. Kwa hiyo miezi mitatu ya utulivu haithibitishi kwamba ugonjwa umeondoka, kwa aliye kwenye dawa wala kwa aliyeziacha. Kazi kubwa ya lithiamu ni kuzuia kipindi kijacho, na kinga ina shida moja: ikifanya kazi vizuri, huoni chochote. Kuiacha kwa sababu unajisikia mzima ni sawa na kubomoa kingo za mto kwa kuwa shamba halijafurika miaka sita.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Lithiamu ikisimamishwa ghafla, hatari ya ugonjwa kurudi hupanda, hasa katika miezi ya mwanzo, na mara nyingi hurudi kwa upande wa kupanda. Hatari ya kujiua nayo huongezeka. Lithiamu ni miongoni mwa dawa chache sana ambazo tafiti za miaka mingi zimezihusisha na kupungua kwa vifo vya kujiua, na kinga hiyo huondoka pamoja na dawa. Halafu, kabla mtu hajapanda waziwazi, kuna wiki ambazo anajisikia vizuri ajabu. Anaamka mapema bila uchovu, anaomba kwa saa nyingi, maandiko yanamfungukia, anaongea kwa mvuto, watu wanamsikiliza. Sisemi kaka yenu yuko hapo. Sijamwona, na hakuna daktari mwaminifu anayempima mtu kwa barua ya mwingine. Nasema tu kwamba ule uzima wa mwezi wa tatu na mwanzo wa kipindi kipya vinaweza kufanana kwa sura, na aliye ndani yake ndiye wa mwisho kutambua tofauti. Wewe umeishi na ugonjwa huu miaka saba, kwa hiyo unajua ninachosema.

Je, Mungu hawezi kumponya kaka huyu kabisa? Anaweza, na sina nia ya kumwekea mipaka. Lakini tazama jinsi Yesu mwenyewe alivyolishughulikia suala la uhakika. Wale wakoma kumi wa Luka 17 waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Walawi kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kumtangaza kuwa ametakasika, na Yesu hakuuruka utaratibu huo. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Mtu anayeamini amepona na aende kwa daktari wake aseme hivyo, na kama wataamua kupunguza dawa, wapunguze pamoja, polepole, huku kuna jicho la tatu linaloangalia.

Hilo linawezekana, na nisipolisema nitakuwa nimekuficha nusu ya ukweli. Wapo watu ambao, baada ya miaka mingi ya utulivu, hupunguza dawa na hata kuziacha kwa makubaliano na daktari. Kwa lithiamu, upunguzaji huchukua angalau wiki 4, na ni bora zaidi ukichukua miezi 3. Wapo pia wanaoiacha kwa sababu zenye uzito kabisa: mikono inatetemeka, kiu haiishi, uzito umeongezeka, hisia zimefifia kana kwamba maisha yanapita nyuma ya kioo. Hayo si malalamiko ya mtu asiye na shukrani. Ni mambo ya kuleta kliniki, kwa sababu mara nyingi kuna la kufanya: kushusha dozi, kubadili saa ya kumeza, kubadili dawa yenyewe. Ningependa kujua kama kaka yenu aliwahi kusikilizwa kuhusu madhara ya dawa zake. Wengi wanaosema wameacha kwa imani waliacha kwanza kwa kuchoka, na kuchoka kwao hakukupata pa kusemewa.

Tuje kwenye mfungo, maana hapa hatari ni ya mwili kabisa. Lithiamu ni aina ya chumvi, na figo huishughulikia karibu kama zinavyoishughulikia chumvi ya kawaida. Mwili ukikosa maji na chumvi, figo huanza kubana, zinarudisha chumvi mwilini badala ya kuitoa kwenye mkojo, na lithiamu inarudishwa nayo. Kwa hiyo mtu aliyemeza dozi yake ileile ya kila siku anaweza, baada ya siku mbili tatu bila maji, kuwa na kiwango kikubwa mno kwenye damu. Na nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni finyu. Kwa wengi daktari hulenga takriban 0.6 hadi 0.8 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na kufika 1.5 tu dalili za sumu huweza kuanza: kutapika, kuhara, mikono kutetemeka kwa nguvu, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa. Ikizidi huleta degedege na kudhuru figo na ubongo. Sasa fikiria dalili hizo zinamtokea mtu usiku wa tatu wa maombi, anayumba na kutamka maneno yasiyoeleweka. Nani chumbani atasema huyu apelekwe hospitali, na nani atasema acheni, ndiyo anafunguliwa? Swali hilo pekee lingetosha kunifanya nikukataze.

Ongeza hapo kwamba mtu aliyefunga huumwa kichwa, akatafuta ibuprofeni au diklofenaki. Dawa za kundi hilo nazo hupandisha lithiamu kwenye damu. Na usilitatue tatizo kwa kuruka vidonge siku hizo tatu bila kumuuliza daktari. Ungekuwa umeikimbia sumu ukajiweka wazi kwa ugonjwa.

Mkesha una hatari yake, nayo inamgusa kila mwenye bipola hata kama hatumii lithiamu. Usingizi unaopungua ni dalili ya kupanda, na pia ni kichochezi cha kupanda. Kwa baadhi ya watu usiku mmoja tu bila kulala unatosha kuanzisha kipindi, sembuse mitatu, tena yenye nyimbo, msisimko na tumbo tupu. Saa ya mwili wa mwenye bipola huyumbishwa kwa urahisi, ndiyo maana kulala na kuamka kwa saa zilezile ni sehemu ya tiba yenyewe. Nakuomba uulinde usingizi wako kwa bidii ileile unayolindia dozi yako.

Si kwamba ibada ya kufunga imefungwa kwako maisha yako yote. Unaweza kuacha kitu kingine ambacho kinakugharimu kweli. Unaweza kushika zamu ya maombi ya alfajiri baada ya kulala usingizi kamili, wenzako wakishika za usiku. Isaya 58 inaeleza mfungo ambao Mungu anasema ameuchagua mwenyewe, na ndani yake mna kumgawia mwenye njaa chakula na kuwaingiza nyumbani maskini waliotupwa. Mfungo huo haudhuru figo. Hata mfungo mfupi wa chakula huku ukinywa maji, uulize kwanza kwa daktari anayejua vipimo vyako, kwa sababu zipo pia dawa nyingine za akili ambazo mwili hauzipokei vizuri zisipomezwa pamoja na chakula.

Nimekaa sana kwenye mwili. Sasa nije kwenye kikundi, ambacho ndicho moyo wako ulipo.

Usijitoe, angalau si sasa. Ulichokipata mle, watu usiohitaji kuwaeleza kuanzia mwanzo, ni kitu ambacho mimi kama daktari siwezi kukupa hata nikikaa nawe saa nzima kila wiki. Naweza kukwambia kwamba sonona huisha. Mwenzako aliyelala kitandani wiki tano na sasa ameketi mbele yako akimenya chungwa, huhitaji hata aseme. Unamwona. Aibu hupungua, kwa sababu aibu hustawi pale mtu anapodhani yuko peke yake. Unajifunza mambo madogo ambayo hayamo kwenye karatasi ya dawa: jinsi ya kumwambia bosi, jinsi ya kumeza vidonge bila mgeni kuuliza, ni dalili gani ya kwanza mwenzako huiona kabla hajapanda. Na ipo faida nyingine ambayo nadhani ndiyo kubwa: wewe ambaye kila mtu amezoea kukuhudumia, kwa mara ya kwanza unamhudumia mwingine. Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja zilezile tulizopewa. Hayo ni maelezo mazuri ya kazi ya kikundi chenu kuliko ambayo mimi ningeweza kutunga.

Tafiti nazo zinaunga mkono, kwa kiasi. Msaada wa wenye hali moja huongeza matumaini na kumfanya mtu ajione ana usemi juu ya maisha yake. Kuhusu kupunguza kulazwa, matokeo yamechanganyika. Utafiti mmoja ninaouheshimu ulichapishwa mwaka 2018 katika jarida la *The Lancet*. Ulifanyika Uingereza kwa watu 441 waliokuwa wametoka tu kuhudumiwa na timu za dharura za afya ya akili. Nusu walipewa kitabu cha kujipangia maisha baada ya dharura, pamoja na vikao hadi kumi na mtu aliyewahi kupitia ugonjwa wa akili mwenyewe. Wengine walitumiwa kitabu hicho tu. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya kundi la kwanza walirudi kwenye huduma ya dharura, ikilinganishwa na asilimia 38 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni kubwa ukiipima kwa watu halisi. Lakini angalia: wale wasaidizi walifunzwa na kusimamiwa. Msaada wa wenzao uliongezwa juu ya huduma iliyokuwapo.

Nguvu hiyohiyo inayofanya kikundi kiponye ndiyo inayokifanya kiwe hatari. Neno la mwenzako mnayefanana lina uzito kuliko langu. Ndiyo maana alipoacha dawa mtu mmoja, wawili walimfuata, na wewe uliyekaa salama miaka kadhaa umeanza kujiona msaliti.

Nadhani mzizi wa tatizo lenu ni namna mnavyotoa ushuhuda. Katika mikutano yetu mingi ushuhuda una umbo moja: nilikuwa hivi, Bwana akatenda, sasa niko hivi. Unaisha kwa ushindi na watu wanapiga makofi. Umbo hilo ni zuri kwa jambo lililokwisha. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka linaleta madhara, kwa sababu linampa kipaza sauti yule aliye kwenye wiki nzuri, na aliye kwenye wiki mbaya anabaki na njia mbili tu, anyamaze au adanganye. Siku yule kaka akianza kuumwa tena, je, ataweza kuwaambia? Atakuwa amejifungia mlango kwa ushuhuda wake mwenyewe. Kwa ajili yake hasa, badilisheni utaratibu. Ruhusuni ushuhuda usio na mwisho: wiki hii nililia kila siku, nilimeza dawa, nimekuja. Zaburi ya 88 ni ya namna hiyo. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaisha gizani, bila mstari wa ushindi, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Isomeni pamoja, kisha mkae nayo bila kuihubiri.

Kuna mtu wa kale anayenijia kila ninapofikiria jambo hili: William Cowper, mshairi Mwingereza wa karne ya 18 aliyeandika tenzi ambazo makanisa bado yanaziimba. Aliugua sonona kali mara kwa mara, akajaribu kujiua, na katika kipindi kibaya cha mwaka 1773 alishawishika kabisa kwamba Mungu amemhukumu milele. Hakuwa anakosa mafundisho, alikuwa anayajua kuliko wengi. Ugonjwa ulikuwa umechukua lugha ya imani yake na kuigeuza dhidi yake, na hilo nalikuta kwa wagonjwa wangu waamini hadi leo: aliye kwenye sonona husadiki ametenda dhambi isiyosameheka, aliye juu husadiki amepewa ufunuo wa peke yake. Rafiki yake, mchungaji John Newton, hakumshinda kwa hoja. Alimchukua akakaa nyumbani kwake kwa miezi mingi. Cowper hakurudishiwa kamwe ule uhakika wa wokovu aliokuwa nao kabla ya hapo, lakini aliishi hadi mwaka 1800, na kazi zake kubwa za ushairi aliziandika baada ya kile kipindi cha giza. Marafiki waliokaa naye bila kumdai apone ndio waliomfikisha huko.

Pengine mtu kikundini atasema bipola ni pepo. Sitabishana sana hapo. Mathayo 4:24 inataja wenye maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza, kila kundi kwa jina lake, na ni vyema nasi tusiwachanganye. Kuombewa hakudhuru. Kufungwa, kupigwa, kunyimwa chakula, usingizi au dawa kwa jina la maombezi kunadhuru, na ukiona hata kimoja kati ya hivyo, ondoka na umtoe na mwenzako.

Ninachowashauri mkubaliane, na ni vyema mkiandike, ni kwamba dozi haijadiliwi kikundini. Mtu anaweza kusema jinsi dawa inavyomtendea, anaweza kulia juu yake, lakini hakuna anayemwambia mwenzake aanze, aongeze, apunguze au aache. Mkubaliane pia kuhusu siri. Nimeona habari za mgonjwa zikisambaa kanisa zima zikiwa zimevaa vazi la ombi: tumwombee fulani, amelazwa tena. Ombi la mwenzenu libaki kwenu mpaka yeye mwenyewe aseme liende mbele. Siri hiyo ina mpaka mmoja, nao utangazwe mapema ili asiwepo atakayeshangaa: uhai ukiwa hatarini, tutaita msaada hata kama umetusihi tusiite. Na simu za usiku zisimwangukie mtu mmoja. Mwenye bipola anayeamshwa kila usiku kumfariji mwingine ataugua yeye.

Mwenzenu akisema amechoka kuishi, muulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu kwamba mtu amethubutu. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Dawa zake na chochote anachoweza kujidhuru nacho viwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali au aitiwe huduma ya dharura siku hiyohiyo. Ombeni mkiwa njiani.

Wewe mwenyewe, nenda kliniki bila kusubiri miadi ikiwa umelala saa chache kwa usiku mbili mfululizo na bado una nguvu, ikiwa wanaokujua wanasema unaongea haraka au unatumia pesa ovyo, ikiwa wazo la kwamba Mungu amekuacha halikutoki mchana kutwa, au ukisikia sauti inayokuamuru. Dalili za sumu ya lithiamu nilizozitaja hapo juu ni za hospitali saa hiyohiyo, wala usimeze dozi inayofuata kabla hujaonwa. Kama hujapima kiwango cha dawa, figo na tezi ya thairoidi kwa miezi sita, omba upimwe. Na ukiwa unafikiria kupata mtoto, liseme mapema, kabla ya mimba, kwa sababu mpango wa dawa huhitaji kutazamwa upya.

Zungumza na yule kaka faragha kabla ya kikao kijacho, si mbele ya wote. Mwambie unamshukuru Mungu kwa siku zake njema. Muulize analala saa ngapi. Muulize kama yupo mtu mmoja nyumbani anayeruhusiwa kumwambia, "Kaka, naona umebadilika, twende hospitali," na kama hayupo, jitolee kuwa wewe. Mwombe aende kwa daktari wake akajionyeshe kama wale kumi. Akikataa, utakuwa umempenda kwa kadiri ulivyoweza, na wewe utaendelea na dawa zako. Kikundi kizima kikigeuka mahali ambapo kidonge ni dhambi, hapo ndipo utoke, ukiwaambia sababu kwa upole na ukiwaachia namba yako.

Wale wawili walioacha hivi karibuni waonane na daktari wiki hii, wasingoje mwezi uishe. Lakini wasirudie vidonge vyao wenyewe kwa dozi ya zamani ili kusawazisha mambo. Zipo dawa, lamotrijini ikiwa mojawapo, ambazo ukizikatiza kwa zaidi ya siku chache lazima zianzwe upya kwa dozi ndogo kabisa na kupandishwa taratibu, la sivyo zinaweza kuleta upele mbaya wa ngozi unaohatarisha maisha. Waende na kopo la dawa mkononi, waseme tarehe waliyoacha, na wewe au mwingine awasindikize.